Saa ya Baba na Ushahidi Wetu



Katika nyumba tuliyolelewa kulikuwa na saa moja tu, nayo ilikuwa ya baba. Ilikuwa saa ya mkono iliyotengenezwa Uswisi, ya kutiwa ufunguo kila asubuhi, na juu ya uso wake mweupe paliandikwa kwa Kifaransa kwamba ndani mna vito 17. Baba aliinunua mwaka 1959 katika duka moja la mjini Bukavu, kwa akiba ya miaka miwili ya mshahara wa mwalimu wa shule ya misioni. Sisi watoto tulijifunza kusoma saa juu ya mkono wake, kwa namna tuijuayo sote wasemaji wa Kiswahili: mshale mfupi ukielekea 7, tunasema saa moja, ukielekea 12, tunasema saa sita. Baba alizoea kusema kwamba saa ile inasema Kizungu, nasi ni wakalimani wake.

Leo tunataka kuwasimulia jinsi saa hiyo ilivyosimama, jinsi ilivyotengenezwa, na habari tuliyoikuta ndani yake. Habari hiyo ilituhusu sisi wenyewe, na tulikaa nayo kwa muda kabla ya kupata ujasiri wa kuitoa.

Saa ilisimama asubuhi moja ya mwaka 1981. Sisi tunaoandika haya tulikuwa na umri wa miaka 12. Mdogo wetu anayetufuata alikuwa na miaka 9. Alikuwa mtoto wa kupenda kugusa vitu. Redio ikikoroma, yeye ndiye aliyesogeza waya. Kufuli likikwama, yeye ndiye aliyelitikisa hadi likafunguka. Baba mwenyewe alijivuna mbele ya wageni akisema, "Huyu ana mikono ya fundi." Saa ya baba ilimvuta kuliko kitu kingine chochote. Baba alipotoka nje kunawa uso aliiacha juu ya meza, na mara nyingi tulimwona mtoto yule ameiweka sikioni, ametulia, akisikiliza.

Asubuhi ile baba alirudi akaikuta saa imesimama. Akajaribu kuitia ufunguo. Kifundo cha pembeni kikakataa kuzunguka, kimekaza. Akauliza ni nani aliyeigusa. Sisi tulijibu kabla ya wengine wote: "Ni yeye. Tumemwona akiitia ufunguo, ameuzidisha mpaka saa imevunjika." Kwamba tulimwona ameishika ni kweli. Kwamba tulimwona akiitia ufunguo si kweli. Lakini kifundo kilikuwa kimekaza, na kila mtu aliamini, kama wengi wanavyoamini hadi leo, kwamba saa ikitiwa ufunguo kupita kiasi hufa. Ushahidi wetu ulipata mahali pa kukaa.

Mdogo wetu alikana. Akachapwa kwa kosa, kisha akachapwa kwa kukana.

Fimbo ilipita siku ile ile. Kilichobaki ni jina. Watoto wa mtaa walianza kumwita Vunja-Saa, nasi tukacheka pamoja nao. Baba hakutaja tena habari ya mikono ya fundi. Redio ilipokoroma alimwita mtu wa nje. Ulipofika wakati wa kuchagua masomo, mdogo wetu aliomba kwenda shule ya ufundi. Baba akamwuliza, "Huko utaharibu vitu vya nani?" Akaacha shule akiwa na miaka 16, akateremka Uvira kufanya biashara ya samaki, akaoa huko, akakaa huko. Tulikutana naye kwenye harusi na kwenye matanga, tukasalimiana vizuri, tukaulizana habari za watoto. Hata watoto wake walilijua lile jina.

Baba alifariki mwaka 1999. Saa yake tuliirithi sisi, ndani ya kopo la maziwa ya unga, pamoja na kalamu yake na miwani.

Mwaka 2023 mwana wetu wa mwisho alipata diploma ya serikali, nasi tukaona vema kumpa saa ya babu yake. Ikabidi kumtafuta fundi. Kazi ya fundi saa imekuwa adimu mjini kwetu, na sababu yake ilianzia mbali. Tarehe 25 Desemba 1969, siku ya Noeli, kampuni ya Seiko ilianza kuuza mjini Tokyo saa ya mkono ya kwanza inayoongozwa na fuwele ya kwatsi na kutumia betri. Haikupita miaka mingi saa za namna hiyo zikawa rahisi kuliko zote; zinatunza wakati vizuri, na zikiharibika hutupwa. Viwanda vingi vya Uswisi vilifungwa, na maelfu ya mafundi wakapoteza kazi. Kisha ikaja simu ya mkononi, na vijana kama ninyi mkaacha kuvaa saa kabisa.

Hata hivyo tulimpata mzee mmoja upande wa Kadutu, anayeketi kando ya barabara ipandayo sokoni, nyuma ya meza ndogo yenye kifuniko cha kioo. Alijifunza kazi hiyo akiwa kijana, kwa kumshikia taa fundi mwingine. Aliipokea saa kwa mikono miwili, akaiweka sikioni, akajaribu kifundo. Tukamweleza bila kuulizwa: "Papa, saa hii iliharibiwa na mtoto. Aliitia ufunguo kupita kiasi." Miaka 42 ilikuwa imepita, na ushahidi ulitoka kinywani mwetu mzima kama siku ya kwanza.

Mzee hakujibu. Alivaa lensi jichoni, akachukua kisu chembamba, akafungua mgongo wa saa. Akaangalia kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Mwalimu, hapa hakuna kilichovunjika."

Tungependa mwelewe vizuri alichotuonyesha, maana bila hicho habari yote haina msingi.

Ndani ya saa ya namna hii mna kamani, yaani utepe mrefu wa chuma uliokunjwa ndani ya kikopo chenye meno. Ukizungusha kifundo, kamani hujikaza. Ikijikunjua polepole husukuma magurudumu manne yanayofuatana. Kama pasingekuwa na kizuizi, magurudumu yangekimbia na nguvu yote ingekwisha kwa muda mfupi sana. Kwa hiyo mwishoni mwa safari kuna kipande kidogo chenye umbo la nanga, na karibu yake gurudumu la mizani linalokwenda huku na huku, likiongozwa na springi nyembamba kama unywele. Kila mizani inapopita, nanga huachia jino moja tu la gurudumu. Hiyo ndiyo sauti aliyokuwa akiisikiliza mdogo wetu. Katika saa ya baba mizani hupiga mara 5 kwa sekunde, yaani mara 18,000 kwa saa moja, mara 432,000 kwa siku.

Vile vito 17 si mapambo. Ni rubi zilizotengenezwa viwandani, nyingi zikiwa zimetobolewa tundu dogo ambamo ncha za magurudumu huzunguka, kwa sababu rubi ni ngumu na hailiki upesi kama shaba. Lakini kati ya ncha na kito lazima pawe na mafuta, tone dogo kuliko kichwa cha pini. Mafuta hayo huzeeka. Baada ya miaka kadhaa hukauka, yakachanganyika na vumbi, yakawa kama utomvu. Ndiyo maana mafundi hushauri saa ifunguliwe, ioshwe na kutiwa mafuta upya kila baada ya miaka minne au mitano, hata kama bado inakwenda.

Mwenye saa hayaoni hayo. Anaendelea kuitia ufunguo kila asubuhi, na saa inachoka kidogo kidogo. Inafika siku ambayo kamani imejaa kabisa, lakini magurudumu yamenaswa na ule utomvu na hayawezi tena kwenda. Mwenye saa anashika kifundo, anakikuta kimekaza, anasema: imezidishwa ufunguo. Kumbe kifundo kimekaza kwa kuwa kamani imejaa, na kamani imejaa kwa kuwa saa imeshindwa kuitumia nguvu iliyopewa.

"Kamani huvunjika," alisema mzee, "kwa uchovu wa chuma chake, au kwa mtu mzima mwenye kulazimisha. Vidole vya mtoto haviwezi. Ikijaa inamwambia basi, naye anaacha."

Kisha akatugeuzia kifuniko cha mgongo, akatupa lensi yake. Upande wa ndani palikuwa na mikwaruzo myembamba, ambayo kwa jicho tupu tungeidhani uchafu. Ni desturi ya mafundi saa kuandika kwa ncha ya sindano, ndani ya kifuniko, tarehe ya kazi waliyoifanya, ili saa ikirudi wajue imekaa muda gani. Tulisoma: 3.63. Chini yake: 4.66. Ya tatu haikuwapo.

Tulipokuwa tukishuka kutoka Kadutu jioni ile tulihesabu. Toka Aprili 1966 hadi 1981 ni miaka 15. Mwaka 1967, kuanzia Agosti hadi Novemba, Bukavu ilishikwa na mamluki wa Jean Schramme. Mapigano yaliuharibu mji, na wageni wengi waliokuwa na maduka na karakana wakaondoka. Novemba 1973 ikatangazwa hatua ya kuwanyang'anya wageni biashara zao na kuwapa raia wa Zaire, na maduka mengi yakabaki na rafu tupu. Mshahara wa mwalimu nao ulizidi kupungua nguvu mwaka hata mwaka. Baba hakuwa mzembe. Kwanza alikosa fundi, kisha alikosa fedha. Akafanya lile aliloweza: aliitia saa yake ufunguo kila asubuhi. Mafuta yalikuwa yameanza kukauka kabla mdogo wetu hajazaliwa.

Tukakumbuka pia jambo ambalo mwaka 1981 hatukutaka kulikumbuka. Kwa miezi mingi kabla ya siku ile, baba alikuwa akiirekebisha saa yake kila jioni kwa redio ya Kinshasa, akiongeza saa moja kwa kuwa Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja, na kila jioni alilalamika kwamba inachelewa. Nyumba nzima ilisikia. Saa ilikuwa inaumwa wazi, mbele yetu sote. Tulikuwa na ushahidi wa kweli masikioni, tukatoa ule wa uongo.

Jumamosi iliyofuata tulirudi, tukaketi karibu na meza ya mzee, naye akakubali tumwangalie.

Jambo la kwanza alilolifanya lilikuwa kuiondolea kamani nguvu yake, kwa sababu saa ikifunguliwa ingali imejaa, nguvu hiyo hutoka kwa ghafla na kuvunja meno na ncha. Alishika kifundo kwa vidole viwili, akasogeza kizuizi kidogo kwa kibano, akakiacha kifundo kizunguke nyuma taratibu, taratibu, hadi kikatulia. Akasema, "Nguvu hii imekaa humu tangu siku ile." Tulinyamaza. Mkono wa mwisho uliokuwa umeitia saa ile ufunguo ulikuwa mkono wa baba mwenyewe.

Akaondoa mizani, halafu nanga, halafu magurudumu moja baada ya jingine, akayafunika kwa glasi zilizopinduliwa ili upepo na vumbi la barabara visiyafikie. Akayaosha yote kwa benzini ndani ya bakuli dogo. Akachonga kijiti cha mwanzi kikawa na ncha kama ya mwiba, akakizungusha ndani ya tundu la kila kito. Kikitoka cheusi alikichonga tena, hadi kitoke cheupe. Kazi hiyo peke yake ilichukua zaidi ya saa moja. Kamani ya zamani, ijapokuwa haikuvunjika, ilikuwa imelegea kwa kukaa imekazwa miaka mingi. Akaibadilisha kwa nyingine ya kipimo kile kile, aliyoitoa katika saa mbovu ya kabati lake. Mafuta aliyatia kwa ncha ya sindano. Alitueleza kwamba machache mno ni kosa, na mengi mno ni kosa pia, kwa kuwa yakizidi hutambaa na kuhama mahali pake. Na kwamba ile springi ya unywele haitiwi mafuta kabisa.

Tulimwomba jambo moja akalikataa. Uso wa saa ulikuwa umekuwa wa manjano, na namba zake zenye kung'aa gizani zilikuwa zimezimika. Tulitaka aukwangue na kuupaka rangi upya, upendeze machoni pa kijana. Alisema kwamba dawa ya kung'aa ya saa nyingi za miaka ile ina radiamu, na kuikwangua ni kuivuta kifuani. Baadaye tulisoma, tukaona alikuwa na haki. Radiamu ilitiwa ndani ya rangi pamoja na unga unaowaka kwa mionzi yake. Unga huchoka baada ya miaka na mwanga hutoweka, lakini radiamu hupungua nusu tu kwa muda wa miaka 1,600. Na kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, sehemu kubwa ya radiamu iliyouzwa duniani ilitokana na mawe ya Shinkolobwe, huko Katanga, katika nchi yetu wenyewe. Mzee alisugua kioo cha plastiki kwa dawa ya meno hadi kikawa cheupe, uso akauacha ulivyo.

Alipoirudisha mizani mahali pake, kabla hata hajamaliza kukaza skrubu ya mwisho, gurudumu lile likaanza kwenda lenyewe, huku na huku. Hakuna aliyelisukuma; nguvu kidogo aliyokuwa ameitia katika kamani ilitosha. Mwana wetu, aliyekuwa amekuja nasi, aliinama akacheka kama mtoto. Mzee akasogeza kishale kidogo kati ya herufi A na R, yaani kati ya kutangulia na kuchelewa, akasema tumrudishie baada ya juma moja aone mwendo wake ikilala na ikisimama. Mwisho akachukua sindano, akaandika chini ya 4.66: 8.23. Akatutoza dola 20.

Sasa tunafikia sehemu ambayo tungependa kuiruka.

Saa ilikaa kwetu juma la tatu na la nne, inakwenda, nasi hatukumwambia mtu yeyote. Tulijipa sababu nyingi. Baba amekwisha fariki, tukasema, na hawezi kuomba radhi. Jambo lenyewe ni la kitoto. Mdogo wetu ana nyumba yake na biashara yake. Kulifukua ni kumwongezea maumivu. Wakati huo huo, kila Jumamosi, tuliwafundisha watoto wa komunyo ya kwanza amri ya nane, tukiwaeleza kwamba aliyeharibu jina la jirani yake hana budi kulitengeneza, kama vile mwizi asivyoweza kutubu huku amekalia mali aliyoiiba. Na kwa siku za kazi tuliwafundisha walimu wa kesho kwamba mtoto anayeshitakiwa asikilizwe kabla ya kuadhibiwa. Tulifundisha yote mawili vizuri. Saa ilikuwa mfukoni mwetu.

Aliyetutoa huko ni mwana wetu. Jioni ya kumkabidhi zawadi yake aliipokea, akaiangalia, akauliza kwa upole: "Papa, ikiwa saa haikuvunjika, kwa nini baba mdogo anaitwa Vunja-Saa?" Tukamweleza. Ilikuwa mara ya kwanza kuyasema kwa sauti. Aliivua mkononi, akairudisha mezani, akasema, "Basi si yangu."

Mwezi wa Oktoba tulisafiri. Njia ya Uvira mnaijua: Nyangezi, kisha mlima wa Ngomo na kona zake za kutisha, kisha kuteremka Kamanyola ambako joto linakupokea kama mlango wa tanuri, halafu uwanda wa Ruzizi, Luvungi, Sange, hadi ziwa la Tanganyika. Safari nzima tulitunga maneno, na tulipofika hatukuyatumia hata moja.

Mdogo wetu alitukaribisha, mkewe akatuletea maji na samaki. Tulipokwisha kula tuliiweka saa juu ya meza. Aliitambua mara moja. Tulimwambia, "Inakwenda. Ichukue usikilize." Hakuichukua. Mikono yake aliiweka juu ya magoti, akaiacha pale. Mtu mwenye miaka 51, anayesimamia mitumbwi na watu, aliogopa kugusa saa.

Tukamweleza kila kitu: mafuta, kamani, kifundo kilichokaza, tarehe mbili ndani ya kifuniko. Alisikiliza bila kutukatiza. Kisha akauliza, "Yaya, ni nani aliyemwambia papa kwamba niliitia ufunguo?"

Katika ukurasa huu tumezoea kuandika "sisi", na ni desturi nzuri, kwa kuwa humpunguzia mwandishi majivuno. Siku ile neno hilo lilitujia mdomoni upesi mno. Tulitaka kusema: tulikuwa watoto, tulisema, tulidhani. Lakini sala ya kuungama tunayoisali mwanzoni mwa Misa haina "sisi" ya kujifichia. Tukajibu, "Ni mimi niliyesema."

"Ulikuwa umeniona?"

"Sikukuona."

Alinyamaza kwa muda mrefu. Halafu akainuka, akamwita mkewe kutoka jikoni na watoto wake kutoka uani, akawaketisha. Akatuambia, "Yaya, yaseme tena, wasikie."

Tukayasema tena, mbele ya watoto, na mara ya pili ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza. Lakini alikuwa na haki. Jina alipewa mbele ya watu. Lisingeweza kuondolewa faraghani.

Hakusema kwamba ametusamehe, nasi hatukumwuliza. Binti yake wa miaka 14 ndiye aliyenyosha mkono, akaichukua saa, akaiweka sikioni, akatulia. Akauliza kama anaweza kuitia ufunguo. Tukaona mikono ya baba yake ikijikaza juu ya magoti. Kisha akamwambia, "Itie, usiogope. Ikijaa itakuambia basi."

Saa iko Uvira. Sasa mmekwisha jua kwa nini tumewaandikia haya, ninyi mliomo katika vikundi vya vijana ambamo majina ya utani hutolewa kwa urahisi na hudumu miaka. Katika kundi lenu huenda yupo mwizi, mchawi, mwongo au msaliti ambaye hakuna aliyewahi kuifungua saa yake. Mwulizeni aliyesema kwanza: alimwona, au alidhani? Na ikiwa aliyesema kwanza ni wewe, safari ya kwenda kusema kweli inawezekana hata baada ya miaka 42, ingawa tungefurahi kuifanya wakati baba angali hai.

Mdogo wetu hutupigia simu mara moja moja. Anasema saa inachelewa dakika mbili kwa siku, na kwamba binti yake huirekebisha kila jioni kwa redio.